Kukusanya na Kukusanyika Uchaggani

Kiingereza kina kitenzi kimoja ambacho mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nacho mapema na kudhani kwamba amekimaliza kwa neno moja. Kitenzi hicho ni "collect". Kamusi humpa "kukusanya", naye huliandika pembeni mwa daftari lake na kuendelea na safari. Hata akiingia ndani ya lugha huona kuwa Mwingereza hulitumia neno hilo kwa kutafuta stempu za posta na kuzibandika kitabuni, kwa kupokea mshahara dirishani, kwa kudai deni, kwa kutoza kodi, kwa kwenda kumchukua mtoto shuleni, na hata kwa kujituliza moyo baada ya fadhaa. Kiswahili hakikubali kubebeshwa mzigo huo wote mgongoni mwa neno moja. Mshahara haukusanywi, hupokewa. Mtoto hakusanywi, labda awe na wenzake wengi waliotawanyika uwanjani.

Mtu akitaka kuona jinsi Kiswahili kinavyogawa kazi hiyo, na amtazame mama wa Uchaggani kwa siku moja tu. Alfajiri hushuka mtoni au mfongoni, akachota maji. Akirudi huingia zizini, akazoa samadi ya ng'ombe wafugwao ndani na kuitia penye mashina ya migomba. Mchana hukata majani ya kulishia ng'ombe hao, tena mara nyingi huyafuata mbali katika nchi tambarare ya chini, akayapandisha mlima kichwani. Njiani huokota kuni. Msimu ukiwa umefika huchuma kahawa, tena huchuma kwa kuchagua, kwa sababu tunda la mbuni haliivi siku moja na mwenziwe; tawi lile lile huwa na jekundu, la manjano na bichi, na mchumaji hana budi kulirudia shina mara kadhaa kabla ya msimu kwisha. Kuchota, kuzoa, kukata, kuokota, kuchuma: kila kitu kina kitenzi chake, na kitenzi humwambia msikilizaji hali ya kitu chenyewe, kama ni cha majimaji, au cha takataka, au kimeanguka chini, au kingali mtini. Katika yote hayo mama hajakusanya kitu bado. Atakusanya jioni, atakapoyaleta pamoja machumo ya watoto wake na yake mwenyewe katika kapu moja.

Hapo ndipo maana ya kukusanya inapoonekana. Kitenzi hicho hakishughuliki na namna kitu kinavyoshikwa; hushughulika na mahali. Kinyume chake ni kutawanya. Hakiwezi kutumika ila kwa vitu vilivyokuwa mbalimbali kisha vikawa pamoja, kwa hiyo ndani yake mna maswali matatu yasiyokwepeka: vilikuwa kwa nani, vimewekwa wapi, na ni nani aliyevileta. Tena sarufi ya Kiswahili ina vyombo vya kuyajibu. Ukisema watu walikusanyika, wamekuja kwa miguu yao. Ukisema walikusanywa, yuko mtu aliyewaleta, hata kama hukumtaja. Ukisema fulani alimkusanyia jirani yake, faida ni ya jirani. Silabi moja tu katikati ya neno hubadili hukumu nzima. Historia ya Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, kwa muda wa miaka mia na zaidi, yaweza kusomwa kwa kuzitazama silabi hizo.

Kabla ya kufika huko, yafaa kutaja jambo moja la lugha za wenzetu ambalo wasomi hawatalichukia. Kitenzi cha Kilatini kilichozaa "collect" ni "legere", na maana yake ya kwanza ilikuwa kuokota na kuchagua. Baadaye kikawa na maana ya kusoma, kwa kuwa msomaji huokota herufi moja moja mpaka neno likamilike. Kijerumani nacho kina "lesen", ambalo hata leo ni kusoma kitabu na pia kuchuma zabibu. Basi wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig waliofungua shule katika mlima huu walikuwa na lugha ambayo ndani yake mchumaji na msomaji wana jina moja, nao walifundisha watoto ambao asubuhi walisoma na jioni wakachuma, bila ya mwalimu wala mwanafunzi kuhitaji kufahamu hayo. Kiswahili hakikupitia njia hiyo. Kiliazima kwa Waarabu shina lenye maana ya kukusanya, kikapata jamaa, jamii, jumuiya, kujumuika na Ijumaa. Yaani kwa Mswahili kukusanya kumezaa watu na siku yao ya kusali, hakukuzaa vitabu. Tofauti hiyo si ndogo, na ilijitokeza Uchaggani kwa namna ambayo wenye kuazima hawakuitazamia.

Kusanyiko la asili la mlima huu ni msaragambo. Baragumu ilipolia, au mpiga mbiu alipopita, watu wa mtaa walitoka na majembe yao kwenda kutengeneza njia au kuzibua mfongo. Mifongo ndiyo iliyoyatoa maji katika mito ya juu na kuyapitisha ubavuni mwa mlima, wakati mwingine mwendo wa maili nyingi, hata yakafika katika vihamba. Mfongo mmoja ukizibwa na kifusi, kaya zote zilizo chini hukosa maji siku ile ile. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuhubiri umuhimu wa kazi. Baadhi ya waandishi wamesifu msaragambo kama watu waliokuwa wakikusanyika kwa upendo mtupu. Sifa hiyo imepita kiasi. Asiyetokea alitozwa faini, na wenye maji walijua jinsi ya kumfungia zamu yake. Wamangi nao waliutumia mwito huo kwa kazi zao wenyewe, na serikali za kikoloni, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, zikajifunza upesi kwamba chombo cha kuwatoa watu nyumbani kilikuwa tayari, kilichobaki ni kubadili kazi. Hata hivyo tofauti ilikuwapo, na kila mtu aliijua: kazi ya mfongo ilirudi kihambani kwake kwa mfano wa maji. Aliyekusanyika na aliyenufaika walikuwa mtu mmoja.

Kodi haikuwa hivyo. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kodi ya nyumba iliamriwa mwaka 1897 na kuanza kutozwa mwaka uliofuata, na Waingereza walipoishika nchi wakaiendeleza kwa sheria yao ya mwaka 1922, ya nyumba na ya kichwa. Neno alilolitumia mwananchi lilikuwa kutoza. Wataalamu wa sarufi hulihesabu kuwa limetokana na kutoa, na maana yake ni kumfanya mtu atoe. Ni neno lenye uaminifu mkubwa. Huwezi kulitumia bila ya kumtaja mtozwaji, maana hutoza mtu. Kodi huja nyuma yake: alimtoza mzee kodi. Wafasiri wa Biblia waliwaita watu wale wa Injili watoza ushuru, wala hawakuwaita wakusanyaji, na msomaji huelewa mara moja kwa nini watu hao walichukiwa. Lakini katika uandishi wa ofisi neno hilo limekuwa likirudi nyuma polepole. Tangu Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipoanza kazi mwaka 1996, mtu husikia zaidi habari za ukusanyaji wa mapato. Kukusanya huchukua fedha tu kama shamirisho yake. Mapato yamekusanywa, yalikokuwa kabla ya kukusanywa, kitenzi hakiulizi. Hapana shaka kuwa dola haiwezi kuishi bila kodi, na pengine neno jipya linafaa kwa zama ambazo kodi hurudi kama barabara na shule. Ila mwanafunzi wa lugha asidhani kuwa maneno hayo mawili ni ndugu pacha. Moja linamwona mtoaji, la pili linaiona hazina.

Sasa tuingie katika kahawa, ambayo ndiyo kiini cha habari hii.

Mbuni uliletwa mlimani na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miaka mingi ulikuwa mmea wa misheni na wa walowezi. Reli ilipofika Moshi mwaka 1911, ikitoka Tanga, kahawa ilipata njia ya kwenda baharini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza katika wilaya ya Moshi, aliwahimiza Wachagga kupanda mibuni katika vihamba vyao, katikati ya migomba. Walowezi hawakupendezwa. Walidai kuwa mibuni ya Waafrika itakuwa chanzo cha magonjwa na wadudu kwa mashamba yao, na kuwa mwizi wa kahawa ataweza kusema ameichuma kwake. Nyuma ya hoja hizo ilijificha hoja nyingine wasiyoitangaza sana, nayo ni kwamba mtu mwenye kahawa yake mwenyewe hana haja ya kwenda kuchuma ya mwenziwe kwa ujira.

Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga walianzisha chama chao kilichojulikana kwa herufi za Kiingereza KNPA. Mkuu wake alikuwa Joseph Merinyo, mtu wa Moshi ya Kale aliyesoma shule ya Kilutheri na kufanya kazi karibu na Dundas. Kazi za chama zilikuwa kuilinda mibuni na wadudu kwa dawa, kutetea haki ya Mchagga ya kupanda, na kuiuza kahawa kwa pamoja. Jambo la tatu ndilo lililokuwa na mapinduzi ndani yake. Mkulima mmoja mwenye mashina mia mbili hana sauti mbele ya mnunuzi. Hupima gunia lake kwa mizani ya mwingine na kupokea bei ya mwingine. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba ya mtu mmoja haijazi meli. Wakulima walikusanyika kwanza, ndipo wakaikusanya kahawa yao.

Mpangilio huo haukudumu. Chama kilikuwa na nguvu kuliko ilivyopendeza wamangi na serikali, maana kilisema habari za ardhi na za uongozi, si habari za kahawa peke yake. Tena hesabu zake hazikuwa safi, na wahenga walikwisha kusema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Merinyo aliondolewa kwa tuhuma za fedha. Serikali ilitunga sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932, na mwaka 1933 KNPA ikafuatwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi vilivyotapakaa mlimani, meneja wake akiwa Mwingereza, A. L. B. Bennett, aliyekuwa kwanza mtumishi wa serikali. Muungano huo unahesabiwa miongoni mwa vyama vya ushirika vya Waafrika vya kale kabisa katika bara hili, na sifa hiyo ni haki yake. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Mkulima alichuma nyumbani, akayamenya matunda, akaziloweka punje, akaziosha na kuzianika, kisha akaipeleka kahawa yake kavu katika ghala la chama cha msingi. Hapo ilipimwa, akaandikiwa, akapewa malipo ya kwanza. Kahawa ya vyama vyote ilishuka Moshi mjini, ikakobolewa na kuuzwa, na baada ya mauzo mkulima alingojea malipo ya pili.

Malipo ya pili ni kitu kidogo machoni pa mgeni, bali ndiyo roho ya habari yote. Mfanyabiashara akinunua kahawa, amemaliza. Faida itakayopatikana mbele ni yake. Chama kikiipokea kahawa hakikuinunua, kimemkusanyia mwenyewe. Malipo ya kwanza ni kama dhamana, ya pili ni ushahidi kwamba kahawa ilibaki kuwa ya mkulima muda wote ilipokuwa ghalani, relini na sokoni. Silabi ile ya kukusanyia ilikuwa imewekewa bei kwa shilingi na senti. Yasipokuja, au yakija madogo asiyoelezwa sababu yake, silabi hiyo huanguka, na linalobaki ni kukusanya tu.

Ndivyo ilivyotokea. Bei ya kahawa ulimwenguni ilikuwa imeporomoka katika ule mdororo mkuu wa miaka ya 1930, na mkulima wa Machame au Rombo hakuwa na njia ya kupambanua kati ya fedha iliyopotea katika masoko ya Ulaya na fedha iliyopotea katika ofisi ya Moshi. Angaliweza kupima kwa kumwuzia mnunuzi mwingine. Lakini amri ilikuwa imetolewa chini ya mamlaka ya wenyeji, yaani kwa jina la wamangi, kwamba kahawa yote ya Wachagga ipitie KNCU. Watetezi wa amri hiyo walikuwa na hoja ya kweli: ushirika usioweza kujua utapokea magunia mangapi hauwezi kuagana na mnunuzi, na mwanachama auzaye pembeni katika mwaka wa bei nzuri huwavunja wenziwe wa mwaka wa bei mbaya. Hoja hiyo haijazeeka. Walakini haikuweza kufuta jambo moja. Mtu aliyelazimishwa kuleta, asiyeruhusiwa kuuliza wala kuondoka, hakukusanyiwa. Ametozwa.

Mwaka 1937 hasira zilifurika. Katika sehemu mbalimbali za mlima watu waliyavamia maghala ya vyama vya msingi, na serikali ikatumia nguvu kuzima ghasia. Mwaka huo huo ikatunga sheria mpya ya kudhibiti uuzaji wa kahawa ya wenyeji, ili lazima ile isimame juu ya msingi imara zaidi. Waandishi wa kikoloni walipenda kueleza kwamba Wachagga walichochewa na wafanyabiashara na watu wenye kinyongo cha zamani cha KNPA. Yamkini wachochezi walikuwapo. Penye kuni kavu mtu wa kuwasha hakosekani. Lakini yafaa kuangalia kitu walichokishambulia. Hawakung'oa mibuni, wala hawakuacha kuchuma. Walikwenda ghalani, mahali pale kahawa inapokoma kuwa ya mtu na kuwa ya watu, wakadai kujua imekuwa ya nani. Ugomvi wao haukuwa na ushirika. Ulikuwa na herufi zilizoongezwa na zilizopunguzwa katika neno ushirika lilipokuwa likitekelezwa.

Miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili bei zilipanda, malipo ya pili yakaja, na makelele yakatulia. Kahawa ilijenga shule nyingi mlimani, ikalipa karo, ikaezeka mabati, na mwaka 1963 Moshi ikapata Chuo cha Ushirika, ambacho tangu mwaka 2014 ni chuo kikuu. Hapana mkoa mwingine wa Tanzania ambao neno ushirika limekita mizizi namna hiyo. Hata katika dini lina mwenzi wake: Walutheri wa kaskazini huuita mtaa wao wa kanisa usharika, na mgeni asiyezoea huweza kufikiri kuwa mchungaji na katibu wa chama cha kahawa wanafanya kazi ofisi moja. Shina ni lile lile la kushiriki. Jumapili mwanausharika hutoa sadaka, nayo hukusanywa katika vikapu. Na husomwa hadharani Jumapili inayofuata, kiasi gani na kwa ajili ya nini. Wako wakulima ambao wangelipenda ghala nalo lisomewe hesabu kwa ukawaida huo.

Ghala lenyewe lilichukuliwa tena, safari hii na serikali huru. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania vilivunjwa, na kahawa ikapelekwa katika mamlaka ya zao. Sababu zilizotolewa zilikuwa ubadhirifu na uzembe, na si uongo kwamba vilikuwapo. Lakini mkulima aliona jengo lile lile, mizani ile ile na karani mwingine, naye hakupigiwa kura. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama vikuu virudi, na KNCU ikafufuka mwaka 1984. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakapanda vijijini na fedha taslimu mkononi, na wengi wakawauzia. Wanaowalaumu wakulima hao kuwa wameusaliti ushirika wa babu zao wangefanya vema kukumbuka kuwa babu zao ndio walioyavamia maghala.

Miaka ile ile ya 1970 ililitumia neno letu kwa watu wenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeiweka ujamaa kuwa njia ya nchi, neno lililotokana na shina lile la Kiarabu la kukusanya, na Julius Nyerere aliandika mara kwa mara kwamba vijiji vya ujamaa ni vya hiari. Mwanzoni watu wachache walikusanyika. Kuanzia mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na mamilioni wakakusanywa. Uchaggani operesheni hiyo haikufanya mengi, kwa sababu vihamba vilikuwa vimegusana tangu zamani. Mtu hakuwa na pa kuhamishiwa. Lakini mlima uliitazama nchi tambarare ikihamishwa, na ukajifunza kuwa hata neno jema kuliko yote yaliyozaliwa na shina hilo laweza kupoteza silabi yake.

Limesalia kusanyo moja ambalo lilitangulia kahawa na ambalo habari zake hazijesha. Wajerumani walipoutiisha mlima walikutana na Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, ambaye mwaka 1892 aliwashinda vitani, wakarudi mwaka 1893 na jeshi kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Moshi ya Kale pamoja na viongozi wengine kadhaa, miongoni mwao Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho, kwa kosa la kula njama dhidi ya utawala. Wazee wamesimulia kizazi baada ya kizazi kwamba kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Zama hizo Felix von Luschan, wa jumba la makumbusho la Berlin, alikuwa akiwapa maofisa na wasafiri wa makoloni maagizo ya namna ya kukusanya vitu vya sayansi, na maelfu ya mafuvu ya watu yakafika katika masanduku. Kitenzi cha Kijerumani kilichoandikwa katika maagizo hayo kilikuwa cha kukusanya vipepeo, mawe na maua yaliyokaushwa. Serikali ile iliyotoza kodi ya nyumba ilipokea vichwa bila ya kumwandikia mtu risiti.

Kiswahili cha makumbusho hutafsiri mali ya namna hiyo kuwa mkusanyo, na tafsiri haina kosa katika kamusi. Kosa liko katika sarufi yake. Mkusanyo ni jina lililokwisha kumpoteza mtenda na mtendwa pamoja. Limebaki rafu na namba. Mtu wa Moshi ya Kale akieleza habari ya Mangi wake hasemi kichwa kilikusanywa, wala lugha haimruhusu kusema hivyo, kwa sababu kichwa cha mtu hakikuwa kitu kilichotawanyika kikisubiri kuletwa pamoja na vingine. Husema kilichukuliwa. Hutaja na aliyekichukua.

Kati ya mwaka 2017 na mwaka 2023 taasisi ya Berlin inayoyahifadhi mafuvu hayo ilichunguza yapata 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda na mengine ya Tanzania na Kenya. Wazao wa walionyongwa walitoa mate yao ili vinasaba vilinganishwe. Septemba 2023 taasisi ilitangaza kwamba fuvu moja lililofuatana na jina Akida lilikuwa la mshauri wa Mangi Meli na kwamba lililingana na uzao wake ulio hai. Mafuvu mengine mawili yalikaribia kulingana na ukoo wa Molelia. Familia zikaarifiwa. Novemba ya mwaka huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi kwa maovu yaliyotendwa huko kusini katika Vita vya Maji Maji, na akaitaja kazi ya kuyatafuta mabaki ya watu waliopelekwa kwao. Kichwa cha Mangi Meli hakikupatikana miongoni mwa vilivyolingana.